Kidole na Nusu

Bunduki niliisawazisha Bwiru, saa saba mchana,
majabali yakifuka joto kama tanuri la mkate,
risasi zimelala juu ya gunia, shaba inaunguza ncha za vidole.
Nilipiga tano. Zote tano zikaingia tundu moja
ambalo ungeliziba kwa kizibo cha soda.
Nikaifunika darubini, nikaandika: tayari.

Ilikuwa tayari kwa saa saba. Kwa Bwiru.
Hilo sikuliandika.

Mwalo wa Nyamasirya unafikiwa kwa maji.
Maligisu, nahodha wa boti yetu, kijana mwenye huruma na vyuma,
alisikia mahali kwamba baruti ikipigwa na jua hukasirika,
huwaka kwa pupa,
ganda huvimba likang'ang'ania chemba
na risasi hupita juu ya shabaha.
Ni kweli. Yote aliyoyasikia ni kweli.
Basi, ili anitunzie, alilitia boksi langu
ndani ya kasha la barafu, kati ya sangara wawili wa mjomba wake,
likalala humo usiku kucha.

Upande wa pili hakuna aliyemwambia:
kwamba baruti iliyopoa ni nzito kuamka,
huungua kwa kujivuta,
na risasi yake hutoka mtutuni imepungukiwa mwendo
kwa kiasi ambacho sikio halikisikii, bega halikijui.
Umbali ndio unaojua.

Umbali ulikuwa hatua mia mbili na arobaini,
toka jiwe nililolilalia hadi ulimi wa mchanga
alipotokea mamba, saa mbili kasoro robo,
akaachama, akaliacha jua limwingie kinywani.
Naye asubuhi ni mzito.
Hawezi kumkimbiza hata furu mpaka mgongo upate moto.
Tulikuwa watatu tukilingoja jua lile lile:
yeye, mimi, na vipande vya shaba
vilivyotoka jasho kiganjani mwangu.
Nililiona jasho lile.
Nikalifuta kwa suruali. Nikalifuta tu!

Ubongo wa mamba, pamoja na ukubwa wake wote,
hauzidi kidole gumba cha mwanafunzi.
Nilivuta pumzi, nikaitoa nusu,
nikabana.

Mchanga uliruka chini ya taya.
Maji yakamfunika polepole,
kama mtu aliyekumbuka ana shughuli kwingine.

Fomu ya idara ina safu nyembamba: Sababu ya kukosa.
Bwana Lugumba alitaka niandike upepo.
Upepo hauna wakili, alisema, kila mtu huusingizia.
Niliandika barafu.
Akavua miwani, akaivaa tena, akagonga muhuri.

Siku hizi nina daftari na kipimajoto.
Alfajiri, nyuzi kumi na tisa: chini, nusu kidole.
Saa saba, nyuzi thelathini na mbili: sawa.
Juu ya dashibodi, vioo vimefungwa, nyuzi hamsini na nane:
juu, karibu kidole kizima, na boliti ikagoma,
niliifungua kwa kisigino cha kiatu.
Risasi zangu sasa husafiri kivulini, ndani ya soksi ya sufu.
Maligisu hunicheka. Kasha lake halinikaribii tena.

Mamba yule bado yuko majini, au yuko mwalo mwingine.
Sijui.

Mama yake Shija alinikuta pwani ya ziwa
wiki ya tatu, akichota maji mahali pale pale,
kwa sababu bomba la kijiji lina mwaka halijatoa tone.
Hakunilaumu. Aliuliza tu:
ulimkosa kwa kiasi gani?

Sikuwa na neno. Nililaza kidole juu ya mkono wake,
na nusu ya kingine kando yake.

Alikitazama kipimo hicho.
Kisha akakipima mwenyewe kwenye ukingo wa ndoo,
akamwaga maji ya kiasi hicho,
akajitwika, akapanda kilima.